Uzi maalum: Waandishi mliokata tamaa na wengine mliochoka, hata waliotutungia Tenzi walikuwa hoi

Mhariri wa Usiku (mleta uzi) #1

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wasio wapendwa habari zenu pia, karibuni.

Huu uzi nimeuahirisha mda mrefu sana, leo naushusha wote kwa mkupuo, mwenye haraka asome nusu arudi baadae. Mi kazi yangu ni kuhariri na kupanga vitabu vya watu, sio mchungaji na sina upako wowote wa kuwatisha nao, nakaa na kompyuta napokea miswada basi. Wengi wanaoniletea ni walokole wenzangu, wengine Walutheri, Wasabato, Wakatoliki, mtu ana ushuhuda wake, mwingine mashairi, mwingine kitabu cha ndoa, mwingine ana riwaya ambayo hataki hata mzee wa kanisa ajue kama anaandika. Sasa nikifungua flashi ya mtu nakuta faili limeandikwa KITABU FINAL, chini yake FINAL MPYA, chini yake FINAL YA MWISHO KABISA, na yote matatu yameishia sura ya tatu. Yaani sura ya tatu ndo makaburi ya vitabu vyetu. Nikimuuliza mwenyewe ananijibu "kaka nilipoa tu", au "nilirudia kusoma nikaona utumbo mtupu", au ile ya kiroho zaidi, "nasubiri amani ya Bwana".

Hiyo ya amani ya Bwana ndo imenileta hapa. Kuna fundisho limetuingia polepole bila mtu kulifundisha rasmi, kwamba Mungu akikuita kufanya jambo basi hofu inatoka, mashaka yanaisha, milango inajifungua yenyewe, na ukiona bado unajishuku ujue hukuitwa. Mi nalikataa hilo fundisho, na ushahidi wangu siutoi mbali, uko kwenye kile kitabu cha Tenzi za Rohoni hapo kwenu, kile kilichong'oka jalada.

Anza na "Yesu kwetu ni rafiki". Sijui kama kuna msiba wa Kikristo hii nchi umewahi kuisha bila huo wimbo. Aliyeutunga anaitwa Joseph Scriven, mtu wa Ireland, kazaliwa 1819. Mchumba wake alikufa maji siku moja kabla ya harusi. Akaondoka kwao akiwa kijana akahamia Canada. Mwaka 1855 akapata habari mama yake kule Ireland ana shida, yeye kwenda hawezi, akamtungia shairi la kumfariji akamtumia. Basi. Halikuwa la kuchapishwa, lilikuwa barua kwa mama. Lilipokuja kutoka kwenye magazeti na vitabu vya nyimbo halikuwa na jina lake, na kwa mda watu wakadhani limetungwa na mtu mwingine kabisa.

Alafu sikilizeni, 1860 mchumba wa pili naye akaugua akafa. Hapa ndo wahubiri wengi wanachanganya, wanasema alitunga wimbo baada ya misiba yote miwili akiwa ameshashinda. Hapana, aliutunga katikati. Yaani ule ushauri wa kupeleka mizigo kwa Yesu alimwandikia mama yake kwanza, miaka mitano baadae ukamrudia mwenyewe, na sijui kama siku hiyo ulimtosha. 1886 alikutwa amekufa majini, na mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa ajali au vipi.

Tuje kwa huyu mwingine ambaye mi ndo ananiliza. "Damu imebubujika, ni ya Imanweli". Huo ni wa William Cowper, Mwingereza, kazaliwa 1731. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita. Amesomea sheria, 1763 akatakiwa kwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi kule bungeni, hofu ya ule usaili ikampanda mpaka akajaribu kujiua, sio mara moja, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko ndo akaokoka. Baadae akahamia kijiji cha Olney, mchungaji wa pale ni John Newton, yule aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa, na wakawa wanatunga nyimbo pamoja kwa ajili ya ibada za wanakijiji, wengi wao mafukara.

Mwaka 1773 ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Aliota ndoto, akasikia sauti inamwambia yeye kwisha habari yake, amepotea. Akaiamini. Toka hapo hakuingia tena kanisani, alikuwa anasema Mungu anaokoa wote isipokuwa yeye. Zile nyimbo zikatoka kitabuni 1779, za Cowper karibu sabini nyingine zote za Newton, na Newton akaeleza kwenye dibaji kwamba kitabu kilichelewa kwa sababu rafiki yake aliugua. Kwa hiyo wapendwa, Jumapili mkiwa mnaimba damu imebubujika mmefumba macho, aliyewaandikia baadae alishindwa kuamini kwamba hiyo damu ilimhusu.

Nachotaka kusema ni hiki na nakisema wazi ili tusizungukane. Kujiamini hatukuahidiwa popote. Ukikaa unasubiri siku utakayojiona unafaa ndo uandike, au ndo ufungue biashara, au ndo urudi chuo, unasubiri kitu ambacho hakipo kwenye mkataba. Kaa chini uandike na mashaka yako hayohayo. Nawasikiliza.

Mtoto wa Mchungaji #2

Umenigusa mtumishi, sijui hata nianzie wapi. Ila mi shida yangu sio kujishuku peke yake. Nilianza kuandika tafakari fupifupi naweka status za WhatsApp, watu wakawa wanazisambaza, kiongozi mmoja kanisani akanivuta pembeni akaniambia binti unajitafutia jina. Akanifungulia na andiko, Yeremia 45:5, "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Nikaacha. Sasa hivi kila nikishika simu kuandika hilo andiko linakuja lenyewe, na siwezi kubishana na andiko.

Jiwe la Pembeni #3

Mkuu uzi mzuri, uandishi safi, ila niseme ukweli. Hizo ni stori za wazungu wa zamani waliokuwa na watu wa kuwalisha. Huyo Cowper alikuwa analipa kodi ya chumba? Mi naandika toka sekondari, mchapishaji mmoja amekaa na mswada wangu mpaka nimesahau wahusika wangu walikuwa wanaitwa nani, mwingine kaniambia kizuri ila nichangie gharama za kuchapa, na hiyo hela aliyotaja ningekuwa nayo ningefungua duka. Tuache kupakana mafuta, kuna watu wameacha kwa sababu hakilipi, sio kwa sababu ya mashaka.

Mhariri wa Usiku #4

Najibu wote wawili pamoja maana mmegusa mtu mmoja bila kujua.

Binti wa mchungaji, hilo andiko ulilofunguliwa aliambiwa mtu anaitwa Baruku. Nakuomba uisome hiyo sura yote, ina mistari mitano tu, dakika moja umemaliza. Baruku alikuwa mwandishi wa Yeremia, nabii anataja kwa mdomo yeye anaandika kwa wino. Na alikuwa amechoka, analia kabisa, anasema Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu, amechoka kwa kuugua, hapati raha. Imo kwenye Biblia hiyo, malalamiko ya karani yamepewa sura yake peke yake. Na jibu la Mungu ndo hilo, usijitafutie mambo makuu, ila nafsi yako nitakupa iwe nyara popote utakapokwenda, yaani uhai wako utatoka nao. Sasa nionyeshe mahali alipoambiwa aweke kalamu chini. Hamna. Aliambiwa habari ya ukuu, hakuambiwa habari ya kazi. Aliyekuvuta pembeni alisoma nusu mstari.

Sasa rudi nyuma sura ya 36 uone mambo. Hilo lalamiko la sura ya 45 ni la mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, wakati ndo anaandika. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, baridi, mfalme amekaa nyumba yake ya wakati wa baridi na makaa yanawaka mbele yake, kitabu cha Baruku kinaletwa kinasomwa. Wakisoma kurasa tatu au nne mfalme anachukua kijembe anakata kile kipande, anatupa motoni. Wanasoma tena, anakata tena, mpaka kitabu chote kimeisha. Kuna watu watatu pale walimsihi asichome, hakusikia. Jiwe la Pembeni, wewe mswada wako umekaliwa, wa mwenzako umekatwa vipande mbele ya wakubwa wa serikali na wakatafutwa yeye na nabii wake wakamatwe.

Na Mungu hakutuma malaika wa kuzima moto, kumbuka hilo. Alisema chukua gombo lingine, andika tena maneno yote ya kwanza. Baruku akaandika upya, kwa mkono, na mstari wa mwisho unasema yakaongezwa maneno mengi kama yale. Mi kama mhariri nauelewa huo mstari kuliko wahubiri wengi, toleo la pili lilikuja refu kuliko lililoungua.

Kuhusu hela sikubishii ndugu yangu. Hapa kwetu uandishi ni wachache sana unawalisha, na anayekuambia toa kitabu utatajirika kwa jina la Yesu huyo muulize chake kimeuza nakala ngapi. Na huyo Cowper ndio, alikuwa anasaidiwa na ndugu na marafiki, hapo umenishika. Lakini Bunyan je? John Bunyan, mwandishi mwingine wa Uingereza ya zamani, kazi yake ilikuwa kuziba masufuria yaliyotoboka, anatembea kijiji kwa kijiji. Akafungwa jela ya Bedford kuanzia 1660 mpaka 1672 kwa kuhubiri bila kibali, nje ana mke na watoto, mmoja kipofu. Mle ndani alikuwa anatengeneza kamba za viatu ili familia ile, na kati ya kamba na kamba anaandika. Sisemi uende jela, nasema duka na daftari vimewahi kukaa pamoja.

Vitenge Mwanjelwa #5

Shalom. Samahanini naingilia, mimi sio mwandishi, nauza vitenge hapa Mbeya na uzi nimeletewa na mdogo wangu. Mume wangu alifariki, mkopo wa kikundi haujaisha, mkubwa yuko kidato cha tatu na hao wengine bado wadogo. Mchana nipo sawa nacheka na wateja, usiku ndo kazi inaanza. Kuomba nimeshindwa, nikipiga magoti napitiwa na usingizi au nalia tu maneno hayatoki. Kanisani wanasema mama una imani kubwa, mimi najijua sina. Sasa nyie mnaongelea kuandika, sisi wengine ambao hata hiyo kalamu ni ya kuandikia madeni mnatuambiaje?

Mama wa Jumuiya #6

Pole sana mwanangu, pole mno. Hao wanaokuambia una imani kubwa wana nia nzuri ila wamekutwika mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza, sasa huwezi hata kusema umechoka maana utawaangusha.

Mimi ni mtu mzima nimezika mume pia. Nikwambie habari ya Eliya na sitakuhubiria. Wafalme wa kwanza sura ya 19. Ametoka kushusha moto Karmeli, mwanamke mmoja kamtishia maisha, amekimbia jangwani akakaa chini ya mretemu akasema yatosha, Bwana uniue. Nabii huyo. Malaika alipokuja hakumuuliza imani yako iko wapi. Hakumkemea pepo. Alimgusa akamwambia inuka ule, mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji lipo kichwani pake, akala, akanywa, AKALALA TENA. Na malaika hakukasirika kwamba amelala, alirudi mara ya pili akamwambia tena inuka ule, mwendo ni mkubwa kwako. Maswali ya kiroho yalikuja baadae sana, kule Horebu, mtu ameshashiba na amelala.

Kwa hiyo ukipiga magoti ukasinzia, lala mama. Usiku umekula nini? Mi najua wajane tunavyokula, unawapakulia watoto wewe unakwangua sufuria unasema nimeshiba. Anza hapo. Na kilio ni maombi, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo maneno kutokutoka sio dhambi. Nitakutafuta pm unielekeze kibanda chako kilipo, nina ndugu hapo Mbeya.

Nesi Msabato #7

Naongezea kidogo kwa upande wa kazi yangu maana nyuzi kama hizi huwa zinaishia kwenye maombi peke yake. Huzuni ya msiba ni kitu cha kawaida na haina ratiba, lakini ukiona wiki zinapita usingizi umekataa au unalala kutwa nzima, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, unajiona huna thamani, au mawazo ya kutaka kufa yanakuja, hiyo inaweza kuwa sonona na sonona ni ugonjwa, ina tiba, kuna ushauri na kuna dawa. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kufungiwa, sio hivo, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili unaingia unatoka kama anayeenda kupima presha. Mawazo ya kujidhuru yakija usisubiri kliniki, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na uende hospitali siku hiyohiyo.

Na mleta uzi hapo kwa Cowper umeruka sehemu muhimu kuliko zote. Alipoanguka 1773 Newton alimchukua akakaa nae nyumbani kwake mwaka mmoja na zaidi. Sio kumtembelea na matunda akaondoka, kukaa nae. Alafu alivyoanza kupata nafuu akapewa sungura watatu afuge, akawa anawatengenezea vibanda vyao kwa mikono yake, anapiga randa, analima bustani. Sisi kazini tunajua hiyo ni sehemu ya tiba, mgonjwa apewe kitu kinachomhitaji asubuhi. Siku hizi mpendwa akiwa hivo tunamwombea dakika tano tunamwambia "usikiri udhaifu", tunaenda zetu.

Mhariri wa Usiku #8

Nesi umesema kweli na umenipita. Dada wa vitenge, swali lako la kalamu ya madeni silijibu leo kwa sababu Mama wa Jumuiya ameshalijibu vizuri kuliko mimi, fanya hilo la chakula kwanza. Ila kama kuna siku utataka, Daudi na wenzake wameacha zaburi za malalamiko ndani ya Biblia ambazo hazijasafishwa. Zaburi ya 88 inaanza na kulia inaisha gizani, neno la mwisho kabisa ni giza, hakuna "lakini nitamsifu" mwishoni, na walioipanga hawakuiongezea. Kama maneno ya kwako hayatoki azima hayo.

Jiwe la Pembeni #9

Nimerudi. Nimemsoma huyo Cowper na nina swali la kweli sio la ubishi. Mwaka 1800 amekufa bado anaamini ametupwa. Shairi lake la mwisho karibu na kufa ni la baharia aliyeanguka majini wenzake wakashindwa kumwokoa, na mwishoni anasema yeye amezama kwenye kina kirefu zaidi. Sasa unamletaje mtu kama huyo kwenye uzi wa kutia moyo? Mwisho wake sio mzuri. Hapo mpendwa yeyote angekuambia leta ushuhuda wenye ushindi.

Mhariri wa Usiku #10

Swali zuri na nimekaa nalo toka asubuhi.

Nimemleta kwa sababu hiyohiyo. Shuhuda za ushindi tunazo nyingi, kila mkesha zipo, na mtu ambaye bado hajashinda akizisikia anarudi nyumbani akiwa mdogo zaidi ya alivyokuja. Anaona ni yeye tu aliyebaki. Cowper alibaki pia, miaka ishirini na saba toka ile ndoto, na katikati yake aliandika. Shairi lake kubwa lilitoka 1785, alilianza baada ya rafiki yake mmoja mwanamama kumwambia andika kuhusu hili kochi, kwa utani kabisa, akaanza na kochi akamaliza na vitabu sita vya mashairi. Alitafsiri tenzi zote za Homer, yule mshairi wa Ugiriki ya kale, kwa Kiingereza, ikatoka 1791. Mtu anayeamini amelaaniwa anaamka asubuhi anapanga mistari.

Mi sisemi uandishi ulimponya, haukumponya, na sisemi alikuwa sahihi kuhusu Mungu, naamini hukumu aliyojipa sio aliyopewa. Hapo natofautiana nae na natumaini tukionana tutacheka. Ila alichoandika akiwa mzima kiliendelea kusimama yeye alipoanguka, na hakikuhitaji yeye ajisikie vizuri ndo kifanye kazi. Bibi yangu alikufa tukimwimbia huo wimbo wa damu, wajukuu tumezunguka kitanda, hajui Olney wala nani. Sasa wewe unayesema siwezi kuandika habari za neema kwa sababu wiki hii sijaisikia neema, unaona unakokosea?

Kalamu ya Nakuru #11

Bwana asifiwe sana, mimi ni wa Kenya huku Nakuru, nimefuata huu uzi tangu jana hadi betri ikaisha. Hiyo ya kukataliwa nayo mtusaidie jamani. Mimi nimeandika hadithi za watoto za Kikristo, nikawapa watu wasome. Shemeji yangu akasema nzuri sana, mwalimu wa Sunday school akasema watoto hawataelewa, mwingine akasema hadithi za wanyama wanaoongea si za Kikristo, mimi sasa sijui nimsikize nani na nimekwama hapo, kila mtu ananivuta upande wake. Na mkishamaliza kuandika huko Tanzania huwa mnafanyaje?

Mhariri wa Usiku #12

Karibu sana jirani. Kwa hilo narudi kwa mziba masufuria. Bunyan alipomaliza kile kitabu chake cha msafiri, The Pilgrim's Progress, aliwaonyesha watu, na ameandika mwenyewe kwa mashairi pale mwanzoni, wengine wakasema John chapa, wengine wakasema usichape, wengine litafaa, wengine halitafaa. Hata mafumbo walimlalamikia, kwamba yanaficha maana. Akasema basi kwa kuwa mmegawanyika nachapa. Kikatoka 1678. Wanyama wako waache waongee, kwenye Waamuzi sura ya 9 miti inaongea na inafanya uchaguzi kabisa.

Ila usidharau maoni, yachambue. Akikuambia "sijaelewa hapa" msikilize hata kama hajasoma, maana huyo anakupa taarifa. Akikuambia "ingekuwa mimi ningeandika hivi" mshukuru uendelee. Na akikuambia "nzuri sana" muulize sehemu gani ilimchosha, utashangaa. Huyo mwalimu usimwache hivihivi, mwombe awasomee watoto hadithi moja wewe umekaa nyuma, watoto watakuambia ukweli kwa kugeuka dirishani.

Kuhusu kumaliza. Hapa Tanzania namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hakimiliki ni ofisi ya COSOTA. Huko kwenu ISBN ni maktaba ya taifa, hakimiliki ni bodi ya KECOBO. Fanya hivo kabla hujaanza kurusha pidiefu kwenye magrupu, maana ikisharuka haina breki, utakuja kuuziwa kitabu chako mwenyewe. Kuchapa siku hizi unaweza kuanza na nakala chache ukaziuza kwanza ndo uongeze, usikope kuchapa maelfu yakalale uvunguni, nimeona ndoa zinayumba kwa ajili ya maboksi ya vitabu. Na msiogope tuzo, ile ya Safal-Cornell ya Kiswahili inapokea hata mswada ambao haujachapishwa na ni ya wote sio ya Watanzania tu, na huku kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Ukikosa utakuwa angalau umemaliza mswada kwa sababu ya dedlaini, mi wateja wangu kadhaa wamevuka sura ya tatu kwa njia hiyo.

Mtoto wa Mchungaji #13

Nimesoma Yeremia 45 yote, kumbe kweli mistari mitano. Nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja. Nimeandika moja leo ila sijaiweka status, nimeituma kwa watu wawili tu, mama na rafiki yangu aliyefiwa juzi. Hivi hapo najitafutia?

Mama wa Jumuiya #14

Hapana mwanangu. Tertio aliyemwandikia Paulo waraka wa Warumi alichomeka salamu yake humohumo, 16:22, "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu", na Paulo hakuifuta. Weka na jina lako chini.

Vitenge Mwanjelwa #15

Mama nimeipata namba, ndugu yako amefika leo na kiroba cha unga na ndizi, Mungu awabariki, nimekula mchana na usiku. Nesi hiyo kliniki ya hospitali ya rufaa ni siku gani, na lazima niwe na barua ya zahanati au naingia tu? Nina mtu wa kuniangalizia meza Jumanne.

Nesi Msabato #16

Siku zinatofautiana dada, na kama una bima wanaweza kutaka rufaa ya zahanati. Nipe mpaka kesho nina mwenzangu nilisoma nae yuko huko, nakuulizia siku na bei ya kumwona daktari nakujibu hapahapa ili na wengine wa Mbeya waone. Hiyo Jumanne usiigawe kwa kitu kingine.